Mdogo wangu anaanzishiwa prednisoloni: tumpe dawa ya minyoo au tuache?

Shikamoo Mama Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora, Tanga mjini. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 24. Sote tumezaliwa Muheza, ila yeye hajawahi kuondoka kule. Amelima na marehemu baba tangu akiwa mtoto: muhogo, mahindi, machungwa, na mpunga kidogo bondeni.

Ramadhani iliyopita alianza kuvimba uso. Akiamka macho hayafunguki, ikifika jioni miguu ndiyo inajaa. Tulidhani ni swaumu na vyakula vya chumvi. Baadaye mkojo ukawa na povu kama la sabuni, ndipo tukampeleka hospitali. Wakasema figo zinavuja protini, akapelekwa Dar es Salaam akatolewa kinyama kidogo cha figo kwa ajili ya vipimo. Wamesema figo hazijashindwa wala hahitaji mashine, lakini inabidi ameze prednisoloni dozi kubwa kwa miezi kadhaa. Anaanza baada ya kliniki ya Jumatano ijayo.

Ugomvi uko nyumbani. Mama anasema mtoto wa shamba hawezi kuanzishiwa dawa nzito na tumbo lina minyoo, kwa hiyo anywe kwanza dawa ya minyoo pamoja na mizizi kutoka kwa mganga. Mjomba hataki kusikia. Anasema dawa za minyoo ndizo zinazoua figo, na hata ile kingatiba ya matende na mabusha asinywe tena. Hospitali walimpima choo mara moja, karatasi ikaandikwa hakuna minyoo.

Kuna mengine sijui kama yana maana. Tangu alipokuwa kijana mdogo humtokea mchirizi wa upele matakoni au kiunoni, unawasha sana. Asubuhi uko hapa, mchana umeshasogea, kesho yake haupo. Na alipokuwa darasa la tano au la sita alikuwa akimaliza haja ndogo kwa damu. Walikuwa wakiogelea bwawani na wenzake. Ikaisha yenyewe.

Sasa yuko kwangu. Tunatumia maji ya kisima, tuna paka, na choo ni kimoja na wanangu. Mama naye anakuja na kurudi Muheza. Pumu inamsumbua, kifua kikibana hujinunulia vidonge dukani.

Naomba unisaidie. Dawa ya minyoo anywe au asinywe? Hao minyoo ndio waliomharibu figo? Wanangu wataambukizwa? Na akipata nafuu nimwache arudi shambani?

Dada mtu, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuuguza.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu ya jambo moja uliloliandika kama la pembeni: huo mchirizi wa upele unaohama. Daktari wake analijua? Kama halijui, alisikie kabla ndugu yako hajameza kidonge cha kwanza cha prednisoloni. Kama mna namba ya wodi au ya kliniki, pigeni leo, msingoje Jumatano.

Upele wa namna hiyo husababishwa na mabuu wa mnyoo ambaye kitaalamu anaitwa Strongyloides stercoralis. Jina hilo liandike kwenye karatasi umpe daktari. Mimi hapa nitamwita strongiloidi. Mabuu wake hupita chini ya ngozi kwa kasi, sentimita kadhaa kwa saa moja, na huonekana zaidi matakoni, mapajani na kiunoni. Sijamwona ndugu yako, kwa hiyo siwezi kusema kwa yakini kwamba anaye. Lakini mtu aliyekulia shambani Muheza, akilima pekupeku, mwenye upele wa aina hiyo miaka na miaka, mimi ningemhesabu kuwa anaye mpaka ithibitike kwamba hana.

Mnyoo huyu huingia sawa na safura. Mtu akijisaidia porini, mabuu hukaa kwenye udongo wenye unyevu, mwingine akipita bila viatu humwingia kupitia ngozi ya mguu. Hupanda hadi mapafuni, humezwa pamoja na makohozi, hutulia kwenye utumbo mwembamba. Mpaka hapo hana tofauti kubwa na wenzake. Tofauti yake, na ndiyo inayonitia hofu, ni kwamba minyoo wengine wengi hawaongezeki ndani ya tumbo la mtu. Safura hutaga mayai yakatoka na choo, naye huzeeka akafa. Usipokanyaga tena udongo mchafu, unakwisha. Strongiloidi mayai yake huanguliwa humo humo tumboni, na baadhi ya mabuu hukomaa kabla ya kutoka, wakatoboa utumbo au ngozi ya karibu na njia ya haja kubwa na kuanza safari upya. Mtu anajiambukiza mwenyewe kila siku bila kujua. Wapo askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili wakafanyishwa kazi kwenye reli ya kutoka Thailand hadi Burma. Walirudi kwao wakaishi maisha yao, na baada ya miongo kadhaa wakapimwa wakakutwa bado wanaye.

Mwenye kinga nzuri anaweza kuzeeka na mnyoo huyu bila kuona zaidi ya upele na tumbo kuuma mara moja moja. Hatari huja kinga inaposhuka, na ya ndugu yako imekwisha kupungua, kwa sababu figo zinazovuja protini huvujisha pia protini zinazopigana na maradhi. (Hata wale ambao figo zao zimeshindwa kabisa, wanaokwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kinga yao huzorota kwa uchafu unaobaki kwenye damu, kwa hiyo haya nisemayo yanawahusu pia.) Sasa juu ya hapo inakuja prednisoloni, ambayo kazi yake ni kuituliza kinga ili figo zipone. Hata miligramu 20 kwa siku kwa wiki mbili au zaidi zinatosha kumwamsha strongiloidi; mgonjwa kama ndugu yako mara nyingi huanzishiwa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani 60 kwa mtu wa kilo 60. Mnyoo anaachiwa uwanja. Mabuu huongezeka kwa wingi wa kutisha, hutoboa utumbo na kusambaa mapafuni, kwenye ini, hata kwenye ubongo, wakiwa wamebeba bakteria wa kinyesi na kuwaingiza kwenye damu. Wengi wanaofika hatua hiyo hufariki, na mara nyingi wanaowatibu hudhani ni nimonia au homa ya uti wa mgongo ya kawaida.

Haya yote yanazuilika kwa vidonge vichache vikimezwa mapema.

Karatasi iliyoandikwa hakuna minyoo isikutulize. Strongiloidi hatoi mabuu wengi, na hutoa kwa vipindi, kwa hiyo choo cha siku moja kikitazamwa kwa darubini kwa njia ya kawaida humkosa mara nyingi. Uliza kama maabara inaweza kupima choo kibichi cha siku tatu tofauti, tena kwa ile njia ya kukiweka kwenye shashi juu ya maji ya uvuguvugu: mabuu wakihisi joto na maji hujitoa wenyewe, huzama chini, na huko ndiko huokotwa wakatazamwa. Choo kisilale kwenye friji. Kipo pia kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za mnyoo huyu, ingawa si kila hospitali inacho. Katika picha ya damu, daktari atazame kama eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, ziko juu. Zikiwa juu ni dalili nzuri ya kumshuku mnyoo, zikiwa za kawaida hazimwondolei shaka.

Na kama vipimo havipatikani kwa wakati? Hapo madaktari wengi, nami nikiwemo, huona heri kumtibu mtu aliyetoka sehemu kama zetu kuliko kungoja. Prednisoloni yenyewe isicheleweshwe kwa wiki nyingi kwa ajili ya kusubiri majibu, maana figo nazo zinaumia. Dawa ya mnyoo inaweza kutolewa siku hiyo hiyo. Na akishaanza prednisoloni, asije akaiacha ghafla kwa sababu ya hofu ya minyoo wala kwa maneno ya mtu yeyote. Kuikatiza ghafla kunaweza kumwangusha.

Dawa yenyewe ni ipi? Hapa ndipo mama amepata nusu na kukosa nusu. Kile kidonge kimoja cha albendazoli cha kutafuna kinachouzwa kwenye duka la dawa muhimu ni kizuri kwa minyoo ya kawaida, na kinafaa kumwondoa safura, maana naye hunyonya damu, na mgonjwa wa figo huenda upungufu wa damu anao tayari. Lakini kwa strongiloidi kidonge hicho ni dhaifu. Dawa yake ni ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3, na mara nyingi hurudiwa kesho yake na tena baada ya wiki mbili. Nimekuandikia hesabu hiyo ili ujue kwamba kidonge kimoja cha dukani hakiwezi kuwa jibu. Usiitumie kumnunulia mwenyewe. Ndugu yako amevimba, sehemu ya uzito wake ni maji, na daktari ndiye atakayeamua ahesabu kilo zipi. Tena kama wamempa warfarini ya kuzuia damu kuganda, jambo la kawaida kwa wanaovuja protini nyingi, lazima daktari akumbushwe, kwa sababu ivamektini inaweza kuizidisha nguvu.

Mjomba mwambie kwa adabu kwamba hapa amekosea. Ivamektini anaijua vizuri. Ni ile Mectizan ambayo watu wa Tanga wameinywa miaka mingi kwenye kingatiba ya matende na mabusha, ile ambayo mhudumu hukupima urefu kwanza ndipo akuhesabie vidonge. Dawa hiyo hushughulikiwa na ini na karibu yote hutoka na choo. Kwenye mkojo hupita kiasi kidogo mno, chini ya asilimia 1. Albendazoli nayo ni ini linaloishughulikia. Kwenye kingatiba mtu anayeumwa sana huachwa kwanza, na huenda hapo ndipo maneno ya mjomba yalipotokea, lakini kuachwa huko hakumaanishi kwamba vidonge vinaua figo. Waliogundua ivamektini, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na kwa faida iliyoleta huku kwetu naona walistahili kabisa.

Vinavyoua figo viko nyumbani tena vinatumika kwa kujiamini: diklofenaki na ibuprofeni za maumivu, na mizizi iliyochemshwa isiyojulikana kipimo wala mchanganyiko wake. Ya mganga asinywe. Nakuomba mama umwambie hivyo kwa upole, kwa sababu anampenda mwanawe na wazo lake la kusafisha minyoo kwanza ni la maana. Tatizo ni njia. Na kwa kuwa mko Tanga, madafu pia msimpe kwa imani kwamba yanaosha figo. Yana potasiamu nyingi, na kwa figo iliyochoka potasiamu inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo yangoje majibu ya damu. Maji ya birimbi ndiyo kabisa. Wapo watu waliokuwa wazima wakayanywa kwa wingi kama dawa, figo zikasimama.

Akishaanza prednisoloni, mkiona homa, kutapika, tumbo kuuma au kujaa na kugoma kupata choo, kikohozi na kubanwa pumzi, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, au anaongea asivyoeleweka, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Mkifika semeni waziwazi: "Ana ugonjwa wa figo, anatumia prednisoloni, amekulia shambani, tunahofia strongiloidi." Anayempokea huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa aina hiyo, na maneno yenu yatamfupishia njia.

Damu ya utotoni nayo imenigusa. Kuoga bwawani kisha kukojoa damu mwishoni, katika mkoa huu, ni kichocho mpaka kithibitishwe kingine. Wavulana wengi walikua wakidhani ni dalili ya kubalehe, wakanyamaza. Damu kuisha haina maana kwamba kimeisha. Mayai hubaki kwenye ukuta wa kibofu na mirija ya mkojo, hufanya makovu, mirija ikaziba, mkojo ukarudi nyuma na kuijaza figo. Ombeni daktari amtazame kwa altrasaundi kibofu, mirija na figo, na apimwe mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kuyakosa. Akikutwa nacho, dawa ni prazikwanteli. Jambo hili lina uzito zaidi kwake, kwa sababu kichocho peke yake huweza kutia damu na protini kidogo kwenye mkojo, na daktari wa figo anayefuatilia kama dawa inafanya kazi anaweza kupotoshwa.

Umeuliza kama minyoo ndio walioharibu figo. Kichocho kinaweza kuharibu figo kwa njia niliyoieleza, na strongiloidi ameshawahi kuonekana pamoja na figo kuvuja protini kwa wagonjwa wachache. Kile kinyama walichokitazama Dar es Salaam ndicho kitakachoeleza vizuri zaidi; ombeni ripoti yake, ni haki yenu. Msianze kulaumiana kwamba mngemvisha viatu.

Wanao wako salama kwa sehemu kubwa. Strongiloidi hahami kwa kula pamoja wala kulala chumba kimoja. Anahitaji kinyesi na udongo. Choo chenu kikiwa na sakafu inayosafishika, ndala zikavaliwa, mikono ikaoshwa kwa sabuni, na nguo zake za ndani zikafuliwa kwa maji ya moto, yatosha. Maji ya kisima ndiyo yanayonipa wasiwasi kwa upande wake yeye. Yachemke mpaka yatokote, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Dawa ya klorini peke yake haitoshi, kwa sababu kipo kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kisichouawa na klorini ya kawaida. Kwa mwenye kinga nzuri huleta kuhara kwa wiki moja au mbili, kwa mwenye kinga ndogo kuhara hakukatiki, na figo zikikosa maji zinaumia upya. Akihara msimpe maji ya chumvichumvi kwa wingi kabla ya kuuliza, maana yana chumvi na potasiamu, na huenda kiasi chake cha maji kwa siku kimepangwa. Kachumbari ioshwe kwa maji yaliyochemshwa, mishikaki iive mpaka ndani. Paka abaki, yeye tu asishike kinyesi chake. Chandarua alale ndani yake kila siku, na homa yoyote ipimwe, isikisiwe kuwa malaria.

Mama yenu sasa. Vidonge anavyojinunulia kifua kikibana, viangalie pakiti. Mara nyingi vidonge vidogo vya pumu vinavyouzwa bila cheti huwa ni prednisoloni. Ameishi shamba lile lile, kwa udongo ule ule. Aende naye Jumatano, aonyeshe vidonge hivyo na apimwe. Nawe pia upimwe hata kama unajiona mzima, tena kwa sababu nyingine. Mungu apishe mbali, lakini figo zikija kushindwa, ndugu wa damu ndio wa kwanza kuulizwa kama wanaweza kutoa. Upandikizaji unafanyika nchini tangu mwaka 2017, ulipoanza Muhimbili, na strongiloidi anaweza kuhama ndani ya figo ya mtoaji akaingia kwa mpokeaji aliye kwenye dawa kali za kushusha kinga.

Kuhusu kurudi shambani, wakati bado yuko kwenye dozi kubwa abaki kwako. Dozi ikishapunguzwa na kliniki ikaridhia, arudi tu, ni kazi yake na ndiyo riziki yake. Avae mabuti, hasa bondeni kwenye mpunga, asiingie bwawani, na kabla hajaenda mhakikishe pale nyumbani Muheza pana choo cha shimo kinachotumiwa na watu wote, vibarua wa msimu wa machungwa wakiwemo.